Gunia Lenye Uzi Mwekundu

Siku za Jumamosi, ukifika soko la Tarime mjini na haraka zako, utaziacha getini. Akina mama wa Susuni wamepanga ndizi mpaka barabarani, bodaboda wanapiga honi wasipewe njia, mwuza sumu ya panya anahubiri kwenye spika yake, na kila mtu anamsukuma mwenzake bila ugomvi. Katikati ya vurugu hiyo, asubuhi moja ya kiangazi, alisimama msichana mwenye gauni refu la kitenge, hijabu ya kijani iliyofungwa vizuri, na miguuni buti za mpira za njano ambazo hazikuendana na chochote alichovaa. Alikuwa ameshika gunia tupu la salfeti, lile jeupe la mbolea, analivuta kwa mikono miwili huku amekunja uso.

Kwenye baraza ya duka la maturubai, kijana mmoja aliacha kukanyaga cherehani akamtazama. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na shingoni alining'iniza futi ya fundi.

"Dada," akaita, "hilo gunia limekukosea nini?"

Msichana aligeuka bila aibu yoyote. "Nataka kujua linachanikia wapi."

"Kwenye mshono. Yote yanachanikia kwenye mshono."

"Una uhakika?"

"Mimi ni fundi."

"Na mimi ni mhandisi. Njoo ushike huku."

Watu wakasogea, maana Tarime hakuna anayepita kwenye kitu kama hicho bila kusimama. Kijana akashuka barazani, akashika pembe mbili za gunia, msichana akashika nyingine mbili, wakavutana. "Vuta, mura!" akapiga kelele mwuza sumu ya panya kwenye spika, akimwita fundi kijana kwa Kikurya. Wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikawatoka wote wawili. Mara mshono ukaachia kwa mlio mkali, fundi akakaa chini mbele ya duka lake mwenyewe, na mhandisi akakaa juu ya kabichi za watu.

"Nilikwambia," alisema fundi akiwa chini. "Mshono."

"Sawa," alijibu mhandisi kutoka kwenye kabichi. "Basi nishonee mshono usioachia."

Fundi aliitwa Faridu. Alizaliwa Bomani hapo hapo, babu yake akiwa fundi aliyetoka pwani na mama yake Mkurya wa Tarime. Alirithi kwa baba yake cherehani, duka, na maturubai ya kukodisha kwenye misiba na harusi. Mhandisi aliitwa Rahima, mtoto wa Kondoa, mtafiti wa chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Alikuwa na wiki moja tu mjini hapo.

"Unataka kuhifadhi nini humo?" Faridu alimwuliza, akimpa maji ya kunywa barazani baada ya kumwomba radhi mwenye kabichi.

"Udongo. Nayajaza udongo, nayafunga, nayalaza chini ya barabara, tunayashindilia, tunafunika na changarawe ya moramu."

"Barabara ya magunia?" Faridu alicheka. "Dada, huku kwetu hata ya mawe inazama."

"Inazama kwa sababu udongo mweusi ukilowa unakimbia. Gari likikanyaga, unatoka pembeni. Ukiwa ndani ya gunia hauna pa kukimbilia. Gari linavyozidi kukanyaga, gunia ndiyo linazidi kuubana." Rahima aliyasema hayo huku akibonyeza viganja vyake kimoja juu ya kingine, macho yanang'aa. "Magunia yenyewe yameshatumika, mngeyachoma moto. Udongo ni wa hapo hapo. Wanakijiji wanafanya kwa mikono yao. Yakivuka masika, kijiji chochote kinaweza kutengeneza sehemu yake korofi bila kusubiri greda."

Hapo ndipo Faridu alipotekwa, na mimi simlaumu. Wako wanaume wanaotekwa na macho, wako wanaotekwa na mwendo. Huyu alitekwa na msichana aliyekaa juu ya kabichi za watu, akainuka, akaendelea kueleza jambo lake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sehemu yenyewe ilikuwa bondeni huko Kemambo, kwenye njia ya kwenda zahanati. Kiangazi ungepita na baiskeli ukipiga mluzi. Masika, bonde lilikuwa linameza matairi. Siku Faridu alipompeleka Rahima huko kwa pikipiki, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, Happy, mwanamke mrefu asiyejua kuongea kwa sauti ndogo, aliwaonyesha mahali penyewe.

"Hapa," alisema, akipiga ardhi na kisigino. "Mwanangu wa pili nimemzalia hapa hapa matopeni. Pikipiki ya toyo, ile ya magurudumu matatu, ilikwama, zahanati naiona kwa macho, na mtoto hasubiri. Sasa wewe binti, kama unakuja kupima na kuondoka kama wale wengine, sema sasa hivi tusichoshane."

"Sitaondoka mpaka gari lipite masika," alisema Rahima.

Aliahidi, ingawa uamuzi haukuwa wake. Mkuu wa mradi, Profesa Nyangwine, alikuwa amemwambia waziwazi kwa simu kutoka Dar es Salaam: kipande cha Kemambo kikisimama, Rahima anabaki Mara kuendeleza utafiti wilaya nzima mpaka Serengeti. Kikibomoka bila maelezo, mradi unahamia mkoa mwingine, na yeye anahama nao.

Faridu alishona mshono wake. Aliukunja ukingo wa gunia mara mbili na kupitisha uzi mnene mwekundu njia mbili, ili, kama alivyosema, aitambue kazi yake popote atakapoiona. Walivutana tena barazani. Safari hii gunia halikuachia, na aliyeachia ni Rahima, kwa kucheka. Alichukua sampuli kadhaa, akapanda basi kwenda Dar es Salaam kuzipima maabara. Faridu alibaki na kazi ya kukusanya na kushona mamia ya magunia kama yale.

Walianza kupigiana simu kwa ajili ya magunia, na ndani ya wiki mbili hakuna aliyekuwa anayataja magunia kwanza.

"Mhandisi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na ni nani kakwambia mimi ni wako?"

"Samahani. Mhandisi wa serikali, umekula?"

"Ukisema hivyo nahisi nimehojiwa. Rudia ile ya kwanza."

Siku nyingine alimpigia akiwa amechoka, yuko nje ya maabara, kelele za jiji nyuma yake. "Faridu! Mshono wako umeishinda mashine! Kitambaa kimechanika, mshono umebaki. Mafundi wa maabara wameniuliza nani kashona, nikawaambia ni mtu wangu wa Tarime."

Faridu aliweka mkasi chini. "Umesema mtu wangu?"

"Mtandao mbaya, sikusikii," alisema Rahima, akakata simu, akabaki anatabasamu peke yake mbele ya walinzi wa geti.

Sasa sikilizeni jambo ambalo lingeweza kufanywa na mtu mmoja tu Tarime nzima. Magunia aliyokusanya Faridu yalikuwa mazima na yenye nguvu, lakini yalinuka mbolea, dagaa na unga uliovunda. Yeye alilelewa kwenye nyumba ya maturubai. Turubai likirudi msibani linafuliwa, linaanikwa juu ya bati, linakula jua mpaka harufu ya majonzi ya watu iishe, ndipo liende kwenye harusi ya mtu mwingine. Kumpelekea mtu kitu kichafu, kwao ni matusi. Na hawa walikuwa akina mama wa Kemambo watakaoyakumbatia magunia yale kifuani, na Rahima naye katikati yao. Faridu akanunua sabuni. Alipokwisha kuyashona, akayafua yote kwa mkono, akayatandaza juu ya bati la duka na la nyumba ya mama yake. Kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi, akayaacha huko huko kiangazi chote kilichobaki, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka alipanda ngazi kuyageuza. Mafungu ya mwisho tu ndiyo yaliyokaushiwa ndani, kwenye kamba ya koridoni, kwa sababu manyunyu ya vuli yalikuwa yameshaanza.

"Kuna kitu nakuandalia," alimwambia Rahima kwenye simu.

"Kitu gani?"

"Ukija utanusa."

Rahima alirudi. Faridu alimfungulia fungu la kwanza, naye akaliinamia, akavuta pumzi, akainua uso.

"Yananukia sabuni," alisema polepole.

"Usije ukanuka dagaa kwa ajili ya barabara."

Macho ya Rahima yalilengwa na machozi. Wahandisi wenzake walimpa vifaa, vibali na ushauri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumfulia magunia. Alilikunja gunia lile tena kwa utaratibu, na siku hiyo hakuuliza swali lolote la kihandisi.

Kazi ilifanyika haraka kabla mvua haijakolea. Akina mama wa Happy walijaza, wakafunga, wakalaza safu kwa safu, wakashindilia kwa vigogo huku wakiimba Kikurya. Moramu ikamwagwa juu, na Kemambo ikapata barabara nyoofu inayong'aa bondeni. Watu walipiga nayo picha.

Vuli ilishuka kwa nguvu. Machage, dereva wa lori la mahindi, alikuwa wa kwanza kuingia bondeni na mzigo kamili. Alifika katikati. Tairi la nyuma likaanza kuzama taratibu, kisha chini kukasikika mpasuko, mwingine, mwingine, na lori likalala ubavu. Machage alitoka dirishani akiwa mzima, ila mahindi ya watu yalimwagika kwenye tope.

Rahima alipiga magoti matopeni mbele ya watu wote, akachimbua gunia kwa mikono. Lilichanika vidoleni mwake bila hata kulivuta. Akatoa la pili. Nalo hivyo hivyo. Haya hayakuwa magunia yaliyoishinda mashine ya maabara. Faridu alipofika na pikipiki, viatu vyake vizuri vikizama, alimkuta amesimama na kipande cha gunia mkononi.

"Sampuli ulizonipa zilikuwa nzima," alisema Rahima. "Haya uliyatoa wapi?"

"Kulekule."

"Si kweli. Nimezivuta zile kwa mashine. Haya hata mtoto anayachana. Umenipa mazuri ya kupimia, ukaniletea mabovu ya kujengea."

"Rahima."

"Sasa ndiyo naelewa kwa nini yalifuliwa. Kuficha uchakavu."

Akina mama wakatazamana. Faridu alitazama viganja vyake. Mikono yake bado ilikuwa na mabaka ya sabuni ya kufulia ambayo hayakuwa yamepona vizuri.

"Unasema niliyafua ili nikuibie."

"Nasema maabara haisemi uongo."

"Basi olewa na maabara," alisema Faridu, akawasha pikipiki.

Mimi nimewaona watu wengi wenye kiburi, lakini hawa wawili walinishangaza. Simu moja tu ingetosha, na hakuna aliyeipiga. Faridu aliishika simu yake, akaitazama, akairudisha mfukoni, akashona turubai upande usio sahihi, akafumua, akashona tena. Rahima alilala na simu chini ya mto. Kila meseji ilipoingia alishtuka, na kila mara ilikuwa kampuni ya simu inamkaribisha anunue kifurushi.

Aliyepiga ni Profesa Nyangwine. "Usiniletee samahani, Rahima, niletee sababu. Fukua safu zote. Nataka kujua kila gunia limekufaje. Ukinipa sababu, tunajenga upya kabla ya masika. Ukikosa, funga mizigo."

"Nitafukua, Profesa."

"Na usitafute wa kumlaumu. Tafuta sababu."

Maneno hayo yalimchoma mahali anapopajua mwenyewe. Alirudi bondeni na buti zake za njano. Alitarajia kufanya kazi peke yake, lakini alikuta Happy na wenzake wameshafika na majembe.

"Ulisema hutaondoka," alisema Happy. "Na sisi hatujaondoka. Chimba."

Walichimba siku nzima na asubuhi iliyofuata, wakapanga magunia kando ya njia, mazima upande mmoja, yaliyopasuka upande wa pili. Maana mazima yalikuwepo! Safu ya mwisho kabisa, upande wa zahanati, karibu yote yalikuwa mazima. Rahima alijaribu kulichana moja, likamgomea. Akamwita Happy, wakavutana wawili, likawagomea wote. Mzigo ulikuwa ule ule, udongo ule ule, mvua ile ile. Aliinama akayasuuza kwa maji ya mtaro, akayalaza pamoja, lililopasuka na zima. Ndipo alipoona uzi.

Kwenye gunia zima, uzi wa Faridu ulikuwa mwekundu kama siku ulipotoka kwenye kibunda. Kwenye lililopasuka, ulikuwa umepauka, rangi ya waridi iliyokaribia weupe. Akaangalia jingine, na jingine. Yaliyopasuka yote yalikuwa na uzi uliopauka. Fundi mmoja, mshono mmoja, uzi mmoja, lakini haya yalikuwa yamekaa mahali ambapo rangi inaliwa.

"Jua," alisema Rahima kwa sauti. "Ya Rabi. Ni jua."

"Jua limefanya nini?" aliuliza Happy.

Lakini Rahima alikuwa ameshapanda bodaboda.

Ilikuwa Ijumaa, watu ndiyo kwanza wametoka msikitini, na baraza ya duka la Bomani ilikuwa imejaa. Faridu alikuwa amekaa kati ya marafiki zake, kanzu nyeupe isiyo na doa, kofia ya kufuma kichwani, uso umepungua. Mbele yao akashuka mhandisi, tope limempanda mpaka magotini, magunia mawili kwapani. Hakumtazama Faridu. Alikwenda moja kwa moja kwa mama wa Faridu, Mama Kauthar, aliyekuwa mlangoni anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea."

"Nimepotea kweli, mama. Naomba uniambie, magunia yangu yalikaushwa wapi?"

Mama Kauthar alinyanyua ungo kuonyesha juu. "Si huko batini! Huyu mura aliyageuza kila asubuhi kama chapati. Nikamwambia yameshakauka, yashushe. Ananiambia, mama, yule binti hawezi kupewa kitu chenye harufu. Mikono yake ikachubuka kwa sabuni, nikampaka mafuta. Ya mwisho ndiyo tuliyaweka koridoni, mvua ilikuja."

Rahima alisikia yote mpaka mwisho, amesimama wima. Kisha akamgeukia Faridu.

"Nilikutukana mbele za watu," alisema, "kwa hiyo nakuomba radhi mbele za watu. Nilikuita mwongo. Magunia yalikuwa yaleyale. Nisamehe."

Faridu alisimama. Angeweza kumwacha ateseke kidogo, wapo ambao wangefanya hivyo, lakini moyo wake ulikuwa umeenda kwenye jambo lingine kabisa. "Subiri. Kwa hiyo nilikosea nini?"

"Salfeti haipendi jua. Likikaa juani wiki nyingi, nyuzi zake zinakufa ndani kwa ndani, na kwa macho huoni kitu. Angalia." Alimpa gunia lenye uzi uliopauka. Faridu alilishika kwa vidole viwili, likachanika.

"Turubai la baba limekaa juani miaka yote."

"Turubai linawekewa dawa ya jua kiwandani. Gunia la mbolea halina."

"Kwa hiyo lori la Machage nimeliangusha mimi," alisema Faridu taratibu. "Kwa kufua."

"Tumeliangusha wewe na mimi. Mimi najua habari ya jua tangu chuo. Yanafunikwa na moramu kwa sababu hiyo hiyo. Na siku ile nilipaswa kukuuliza, yalikaushwa wapi, kwa muda gani. Sikuuliza." Akafuta uso na mkono wenye tope, akauharibu zaidi. "Nilinusa sabuni, nikasahau uhandisi."

Rafiki mmoja akakohoa kuficha kicheko, akashindwa, na baraza nzima ikacheka. Faridu naye akacheka, machozi yakimtoka, na hakuyaficha. Alichukua mtungi na kata, akainama na kanzu yake nyeupe, akaanza kummiminia maji aoshe mikono.

"Nilikwambia uolewe na maabara," alisema kwa sauti ya chini.

"Ilinikataa."

Jioni ile Profesa Nyangwine alisikiliza maelezo yote kwenye simu, akauliza maswali mengi, akaomba picha za uzi. "Kwamba jua linaua salfeti tunajua wote," alisema hatimaye. "Tulichokosa ni kumwambia anayeyashika. Kaandike mwongozo, na uanze na hilo. Na huyo fundi, usimwachie."

"Mradi unasema nisimwachie?"

"Mradi unasema kazi yake ni nzuri. Mengine sijasema mimi."

Walijenga upya wakati wa ukame mfupi wa mwanzo wa mwaka. Safari hii magunia yalikaa gizani, chini ya kitanda cha Faridu, chini ya kitanda cha mama yake, na ghala zima la msikiti likaazimwa. Hakuna kilichoanikwa. Akina mama wa Kemambo walilalamika kwamba yananuka dagaa, Happy akawaambia waliotaka marashi wakaolewe Mwanza. Uzi wa Faridu sasa ulikuwa na kazi mpya: kipande kidogo chekundu kilining'inizwa kwenye kila fungu, na kikionekana kimepauka, fungu zima linakataliwa. Rahima aliweka jambo hilo kwenye mwongozo, na akaandika jina la aliyelibuni.

Masika yaliingia kama yanavyoingia Mara, kwa radi na bila huruma. Vijito vilijaa. Asubuhi moja mvua ilipopumua, Machage alileta lori lake mpaka ukingoni mwa bonde, mahindi juu, akazima injini.

"Mimi siingii," alisema. "Lile la mwaka jana bado linaniuma ubavu."

"Nitatangulia," alisema Rahima.

Akashuka bondeni na buti zake za njano, akasimama katikati ya njia, maji ya kahawia yakipita pande zote mbili. Faridu akashuka akasimama kando yake. Happy akashuka na mwanawe wa pili mgongoni. Machage alitukana kidogo kwa Kikurya, akawasha injini. Walianza kutembea mbele ya lori polepole, nalo likiwafuata, na chini ya miguu yao Rahima alihisi ardhi ikikaza badala ya kukimbia. Hakugeuka. Aliogopa kugeuka. Aligeuka pale tu aliposikia honi ndefu ya Machage, na lori lilikuwa limeshapanda upande wa zahanati, mzigo wote juu yake.

Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ombe wakakimbia. Happy alimkumbatia Rahima akamnyanyua kutoka ardhini, na alimweka chini kwa sababu tu Rahima alikuwa analia.

Watu walipokuwa wanapita na kurudi kwa furaha, kana kwamba hawajawahi kuona barabara, Faridu alitoa gunia moja tupu lililobaki, lenye uzi mwekundu unaong'aa. Akalikung'uta.

"Mhandisi wangu. Shika huku."

"Tumeshapima, Faridu."

"Hili halijapimwa. Ukinishinda, nafunga duka nakuja Kondoa na mama yangu kuleta posa. Nikikushinda, unabaki hapa mpaka tuende pamoja."

Rahima alilitazama gunia, akamtazama yeye, shati limepigwa pasi na tope limelipaka lote. "Mbona kote kote ni wewe umeshinda?"

"Mimi ni fundi."

Akashika. Wakavutana katikati ya barabara waliyoijenga, wanakijiji wakiwazunguka, Machage akipiga kelele za "vuta, mura!" kutoka dirishani mwa lori. Kitambaa kilikaza. Mshono ulikaza. Hakuna aliyekaa chini na hakuna aliyesogea.

"Achia basi," alisema Faridu akihema.

"Siachii."

"Na mimi siachii."

Rahima, mkono mmoja bado umeng'ang'ania pembe ya gunia, akatoa simu kwa mkono wa pili, akapiga Kondoa, akaweka sauti ya nje. Watu wakasogea karibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lori limepita?"

"Limepita, mama. Na yule fundi yuko hapa, ameshika gunia langu. Anataka kuja huko na mama yake. Posa."

Sauti ya mama yake ikasikika, ikimwita mtu ndani ya nyumba, ikarudi kwenye simu ikiwa imechangamka.

"Mwambie waje, baba yako yupo. Na aje na magunia ya kutosha, mwaka huu alizeti imekubali."

"Atakuja nayo, mama."

"Yawe mazima."

"Ni mazima," alisema Faridu kwenye simu, akiwa bado hajaachia. "Sijayaanika."